Nissan GT-R: Gari la 'bei chee' lililowavuruga Porsche

WEWE mtu wa soka unaujua vizuri ubishi wa usajili. Timu moja inamwaga mkwanja wa kufa mtu kwa straika mmoja, msimu unaisha ana mabao manne. Nyingine inaokota mtu madaraja ya chini kwa hela ya mboga, anawapa ubingwa.

Leicester City walimtoa Riyad Mahrez Le Havre ya Ufaransa kwa ada ambayo haikufika Pauni 500,000. Jamie Vardy alitoka Fleetwood Town kwa Pauni 1 milioni. Mwaka 2016 wakabeba taji la Ligi Kuu England mbele ya matajiri wote.

Sasa kwenye dunia ya magari ya kasi ubishi huohuo upo. Nani anatoa kazi kubwa kwa hela ndogo? Uzuri ni kwamba wenzetu wana uwanja wa kuumalizia. Au tuseme wa kuuanzishia.

UWANJA WENYEWE

Unaitwa Nürburgring, uko Ujerumani. Sehemu inayopigiwa hesabu ni barabara ya zamani ya Nordschleife, iliyofunguliwa mwaka 1927. Mzunguko mmoja ni kilomita 20.8, una kona zaidi ya 70, unapanda na kushuka katikati ya msitu.

Bingwa wa zamani wa Formula One, Jackie Stewart, aliubatiza jina la Jehanamu ya Kijani na hakuna aliyembishia. Mwaka 1976 Niki Lauda aliungulia humo nusura afe, na tangu hapo Formula One haikurudi tena kwenye barabara hiyo.

Kwa nini watengenezaji wanakimbilia huko? Kwa sababu kwenye barabara iliyonyooka injini kubwa inaficha madhaifu mengi. Nordschleife haifichi kitu. Breki zikiwa nyepesi zinachemka. Tairi zikiwa hazishiki, dereva anaziona kona zinamkimbia. Ni kama beki anayesifiwa mazoezini halafu anapelekwa ugenini kwenye mvua.

KILIPOWAKA

Mwishoni mwa 2007 Nissan walitoa GT-R mpya. Injini ya lita 3.8, turbo mbili, inasukuma magurudumu yote manne, nguvu za farasi 480. Lilikuwa zito, zaidi ya kilo 1,700.

Mpinzani wake alikuwa Porsche 911 Turbo. Nalo lilikuwa na nguvu za farasi 480, turbo mbili, likasukuma magurudumu manne, na lilikuwa jepesi zaidi. Kwenye makaratasi hiyo ni sare.

Tofauti ilikuwa kwenye bei. Kwa Marekani GT-R lilianza kuuzwa Dola 69,850. Porsche lilikuwa zaidi ya Dola 120,000.

Aprili 2008, dereva Toshio Suzuki akaliingiza GT-R Nordschleife na kutoka na dakika 7 na sekunde 29. Ulikuwa muda wa kuwakera vigogo, na mkubwa wa mradi huo, Kazutoshi Mizuno, hakuwa mtu wa kuficha furaha yake.

Porsche hawakukubali. Walichofanya ni kutoa hela yao, wakanunua GT-R Marekani kama mteja wa kawaida, wakalipeleka Ujerumani na kuliendesha wenyewe. Baadaye mwaka huohuo August Achleitner, bosi wa 911, akatoa majibu: GT-R walilonunua lilitumia dakika 7 na sekunde 54. Turbo lao, dakika 7 na sekunde 38.

Yaani sekunde 25 zimepotea njiani! Kwa lugha nyingine, mwenzao aliambiwa ametumia mchezaji asiyesajiliwa. Hisia za Porsche ziliangukia kwenye tairi.

Nissan wakajibu kwamba gari na tairi zao ni zilezile zinazouzwa dukani, tatizo ni anayeshika usukani, na kama Porsche wanataka, waje wafundishwe kuliendesha. Kijembe hicho hata msemaji wa klabu zetu angekipigia makofi.

TUPIGE HESABU

Hapa ndipo mashabiki wengi wanapotea. Wanabishana nani muongo, wanasahau swali la hela.

Chukua namba za Porsche wenyewe, usiwaamini Nissan hata kidogo. Tofauti ni sekunde 16 kwenye mzunguko wa kilomita 20 na ushee. Tofauti ya bei ni zaidi ya Dola 50,000. Gawanya. Kila sekunde moja aliyopata mwenye Porsche aliilipia zaidi ya Dola 3,000.

Ukiamini namba za Nissan ndiyo kabisa, mwenye Porsche amelipa zaidi na bado ameachwa sekunde 9. Kwa hiyo kwa upande wa thamani ya hela, GT-R lilishinda kwa hesabu za nyumbani na za ugenini.

USIMEZE KILA NAMBA

Pamoja na hayo, muda wa mzunguko siyo msahafu. Kwa miaka mingi kampuni zilijipimia zenyewe, zikatangaza zenyewe. Dereva bingwa anavuna sekunde nyingi kuliko mteja. Baridi, joto, tairi na unyevu wa lami vyote vinahesabika.

Ndiyo maana kuanzia 2019 uwanja wenyewe uliweka utaratibu rasmi: urefu unaopimwa ni kilomita 20.832, na kuna mthibitishaji wa kisheria. VAR ilifika kwa kuchelewa, lakini imefika.

Pia kuna gharama isiyoandikwa kwenye bei. Machi 2015, kwenye mbio zilizofanyika humo, GT-R la mashindano lilipaa juu ya kilima, likavuka uzio na mtazamaji mmoja akafariki. Ukomo wa kasi ukawekwa baadhi ya sehemu na majaribio ya rekodi yakasimama hadi mwaka uliofuata. Sekunde hizi siyo za utani.

VARDY WA KWELI

Ukiniuliza mimi usajili bora kabisa ni upi, sitakutajia GT-R. Nitakutajia Honda Civic Type R ya 2017. Gari la familia, milango mitano, linasukumwa na magurudumu ya mbele tu. Lilitumia dakika 7, sekunde 43.80, ingawa lilifungwa vyuma vya kumlinda dereva. Marekani liliuzwa kama Dola 34,000. Liko sekunde 6 tu nyuma ya ule muda wa 911 Turbo, na unabeba magunia nyuma.

Na mwaka 2025 vita vimehamia kwenye umeme. Xiaomi, haohao wa simu, walipeleka SU7 Ultra likatumia dakika 7, sekunde 4.957. Rimac Nevera la Croatia, lenye bei ya Euro 2 milioni, lilikuwa limetumia dakika 7, sekunde 5.298. Xiaomi lilianzia Yuan 529,900 China mwaka 2025, ingawa lililoweka muda huo lilikuwa na vifaa vya mbio vinavyolipiwa pembeni. Kwa hela ya Rimac moja ungepata Xiaomi zaidi ya 20. Kikosi, benchi na timu ya vijana.

MWISHO WA STORI

GT-R lenyewe? Lilifanyika kama anavyofanyika kila mchezaji wa bei chee akishawika. Bei ilipanda mwaka hadi mwaka, hadi toleo la kawaida la mwisho likavuka Dola 120,000 Marekani, ileile bei ya Porsche lililokuwa likichekwa. Agosti 2025 la mwisho likatoka kiwandani baada ya miaka 18 na magari kama 48,000.

Ndiyo maana Leicester wa 2016 wanakumbukwa. Kumpata mtu kwa bei chee ni kazi, ila kumbakiza kwa bei hiyohiyo hakuna aliyewahi kuweza.