Hela ya kukata utepe ipo. Ya kufyeka nyasi je?

Kabla hujasoma zaidi, fanya zoezi dogo. Ukiwa hapo mtaani kwenu, iwe ni Kayole, Umoja, Jericho, Dandora ama Huruma, hesabu kwa vidole sehemu ambazo unaweza kukaa saa moja bila kununua kitu na bila mtu kukuuliza unangoja nani. Baa haihesabiki. Kinyozi haihesabiki. Ngazi za ploti pia hapana, kwa sababu msimamizi wa ploti ashakukazia macho mara tatu.

Wengi wetu tunafika kidole cha pili tunakwama. Shirika la UN-Habitat, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Nairobi kule Gigiri, linapendekeza mji uache asilimia 15 hadi 20 ya ardhi yake iwe maeneo ya wazi ya umma, barabara zikiwa kando. Toka Gigiri uje Eastlands na matatu mbili uone tofauti ya karatasi na mtaa.

Stori tunayopenda kupeana ni kwamba Eastlands haikuwahi kupangwa, kwamba watu walijazana tu. Hiyo stori ina shida.

Nafasi ilikuwepo

Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, nyumba zikizunguka sehemu za nyasi na ukumbi wa jamii ukiwa katikati ya mtaa. Buruburu ilianza kujengwa miaka ya 1970 awamu kwa awamu, na hata leo mtu wa Buru hukuelekeza kwake kwa kutaja korti, yaani nyumba kadhaa zinazotazama uwanja mmoja. Dandora nayo ilitokana na mradi wa Benki ya Dunia ulioanza mwaka wa 1975. Mtu alipewa ploti iliyo na maji na choo, akajijengea polepole, na kati ya ploti kukaachwa viwanja vya pamoja.

Kwa hivyo nafasi ilikuwepo. Kilichofuata unakijua. Kona moja ikawa kibanda, nyingine ikawa gereji, nyingine kanisa la mabati, na siku moja bango likasimama limeandikwa "Ploti hii haiuzwi", ilhali hakuna mtu alikuwa ameuliza bei. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu kinyume cha sheria kote nchini, viwanja vya michezo vikiwemo.

Lakini unyakuzi ni nusu tu ya maneno. Nusu nyingine ni kwamba kiwanja kilichotelekezwa ni rahisi kunyakua. Kikiwa na nyasi za kufika magoti, taka kila kona na taa iliyokufa mwaka juzi, watu wanakizoea kama mahali pabaya pa kupita haraka. Mnyakuzi akija na mabati usiku, asubuhi nusu ya mtaa inasema afadhali, angalau wezi hawatajificha hapo tena. Ndiyo maana swali la nani analipia matunzo si la watu wa ofisini peke yao. Likikosa jibu, uwanja unaenda.

Mifuko miwili ya kaunti

Katiba ya 2010 haikuacha hili jambo hewani. Jedwali la Nne linasema wazi kwamba bustani na sehemu za burudani ni kazi ya serikali ya kaunti. Kwa hivyo mtu akikwambia uwanja wenu unangoja wafadhili, muulize anaishi nchi gani.

Sasa sikiza hapa vizuri. Pesa za kaunti ziko kwa mifuko miwili. Mmoja ni wa maendeleo: kujenga, kununua, kuweka kitu kipya. Mwingine ni wa matumizi ya kawaida: mishahara, maji, umeme, mafuta ya magari, na pia fundi wa kubadilisha balbu na mtu wa kufyeka nyasi. Sheria ya fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, na ni sheria nzuri, kwa sababu bila hiyo pesa zote zingeishia kwa mishahara na vikao vya chai.

Shida ni kwamba bustani inazaliwa kwa mfuko wa kwanza na kulelewa kwa mfuko wa pili. Kuzaliwa kuna sherehe: hema, viti vya plastiki, mheshimiwa anakata utepe, jina lake linachongwa kwa jiwe. Kulelewa hakuna picha. Hakuna diwani amewahi kupiga selfi na balbu iliyobadilishwa. Kwa hivyo bembea inang'olewa kuuzwa chuma chakavu, bomba linakauka, choo kinafungwa na kufuli ambalo ufunguo wake haujulikani uko wapi. Miaka michache baadaye kunatangazwa ukarabati, na huo unatoka tena kwa mfuko wa maendeleo, utepe mwingine juu. Kitu kimoja tunakilipia mara mbili, na katikati hatukukitumia.

Mimi niliacha chuo, sina digrii ya kupanga miji. Lakini kusoma bajeti ya kaunti hakuhitaji digrii, kunahitaji bando na subira. Tafuta ukurasa wa idara inayohusika na bustani na michezo, kisha utafute neno "matengenezo". Pima hiyo hela na ya ujenzi. Utaelewa kwa nini uwanja wa kwenu uko vile uko.

Miche 7 ya Kamukunji

Kamukunji unaijua kwa jua kali na kwa Saba Saba. Lakini tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wanawake wenzake waliandamana kutoka jumba la KICC hadi Kamukunji wakapanda miti 7, kwa heshima ya mashujaa wa jamii mbalimbali za Kenya. Kazi iliyokuja kuwa Green Belt Movement na kumpa Wangari Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004 ilianza na hiyo miti, hapa kwetu Eastlands.

Kuna kitu kimoja kuhusu hilo vuguvugu watu hawakitaji sana. Wanawake waliolea miche walipewa malipo kidogo, na malipo yalikwenda kwa mche uliopona. Kupanda peke yake hakukulipwa. Ukipanda mia na ukaiacha ikauke, hupati kitu. Ukipanda ishirini ikasimama, unalipwa ishirini.

Sasa linganisha na vile tunafanya na bustani. Mkandarasi analipwa akimaliza kujenga, na anayeiweka hai miaka kumi hana mahali popote kwa karatasi.

Korti za Dandora

Miaka kumi na kitu iliyopita, vijana wa Dandora waliamua kutongoja. Walianza na korti zao wenyewe, zile sehemu za katikati ya nyumba zilizokuwa zimejaa taka na maji machafu. Wakafagia, wakapanda maua na miti, wakapaka rangi kuta, wakatengeneza mahali pa watoto kucheza. Vikundi vikaungana chini ya Dandora Transformation League, na shindano la Changing Faces likafanya korti zishindane nani atang'ara zaidi. Kumbuka huu ni mtaa ambao jina lake, ukilitaja mahali pengine Nairobi, watu wanawaza jalala peke yake.

Rangi na maua zinapendeza, ndiyo, lakini mimi kilichonivutia ni vile walipanga hela. Nyumba zinachanga kidogo kila mwezi. Magari yanalipia kuegeshwa na kulindwa. Wengine wakaongeza kuosha magari na kupanda mboga. Hiyo hela inabaki hapo hapo, inalipa kijana anayefagia na anayekesha. Kwa lugha ya kaunti, walianza na mfuko wa pili.

Korogocho nayo, kikundi cha Komb Green Solutions, chenye vijana ambao baadhi yao waliwahi kuishi kwa uhalifu, kiligeuza sehemu ya ukingo wa Mto Nairobi kutoka jaa la taka hadi bustani ya watu. Na hata kabla ya hawa wote, tangu 1987, Mathare Youth Sports Association imekuwa ikizipa timu za soka pointi za ligi kwa kufanya usafi wa mtaa. Yaani usipookota taka, wenzako wanakupita kwa jedwali. Hakuna semina inayoshinda hiyo.

Tupige hesabu

Tuseme korti yenu ina nyumba 24, na kila moja inachanga shilingi 100 kwa mwezi. Hiyo ni 2,400. Tuseme magari 8 yanalala hapo kwa shilingi 50 kila usiku. Kwa siku 30 ni 12,000. Jumla 14,400, na hapo tumeomba Mungu kila mtu alipe, kitu ambacho wewe na mimi tunajua hakitokei.

Sasa toa. Anayelinda usiku na anayefagia mchana wakigawana 10,000, kila mmoja anaenda na 5,000. Zinabaki 4,400 za maji, balbu, rangi na fagio. Bustani itakaa fiti, lakini 5,000 si mshahara Nairobi hii. Iko chini kabisa ya kima cha chini cha serikali. Kijana atafanya mwezi wa kwanza kwa moyo, wa pili kwa aibu ya kuacha, na wa tatu ataenda mjengo.

Kwa hivyo usidanganywe na wale wanaokuja kupiga picha korti za Dandora halafu wanasema "mnaona, jamii inaweza kujitegemea." Mkazi wa Dandora analipa kodi kila akinunua bando na kila akituma pesa kwa simu. Akichanga tena kwa korti yake, analipa mara ya pili kitu ambacho katiba inasema ni kazi ya kaunti. Mchango wa mtaa unaweza kuonyesha njia na kuziba pengo. Mshahara wa mfagiaji unafaa utoke kwa bajeti, na kikundi cha mtaa ndicho kingefaa kupewa hiyo kazi kwa mkataba. Na kama mkataba utaandikwa, uandikwe kwa akili ya Green Belt: malipo kwa kile kinachopona.

Nani anashika ufunguo?

Hela zikianza kuingia, swali linabadilika. Uwanja wenye geti na ada unaweza kuwa wa wenye hela tu, na mtoto asiye na shilingi 20 anarudi kucheza barabarani kati ya nduthi. Kikundi kilichookoa korti kinaweza pia kugeuka kuwa wenyewe wa korti. Na wasichana, je? Viwanja vyetu vingi ni vya mpira na vya wanaume, na dada akitaka kukaa tu na kitabu chake anaonekana amepotea njia.

Kuna pia swali la hela inaenda wapi ikishalipwa. Mwaka wa 2025, malipo ya kuingia msitu wa Karura yalipoelekezwa kupitia eCitizen, kulizuka mvutano mkubwa. Chama cha Friends of Karura, kilichosaidia kuurudisha huo msitu, kililia kwamba pesa za matunzo zitakwenda mbali na geti. Karura si Eastlands, lakini swali ni lile lile. Hela iliyokusanywa langoni irudi langoni, na hesabu zibandikwe ukutani kila mtu azione.

Usisahau pia karatasi. Januari 2015, watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walirushiwa vitoa machozi wakitetea uwanja wao uliokuwa umezungushiwa ukuta. Uwanja ulirudi kwa sababu nchi nzima iliona picha. Uwanja wa mtaa wenu huenda usipate kamera. Kwa hivyo ulizeni sasa hivi, kabla ya mabati, umesajiliwa kwa jina la nani.

Weka hizi tarehe kwa simu

Kaunti inafaa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1. Mwelekeo wa matumizi unafaa kuwa bungeni kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti yanawasilishwa kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1. Katikati ya hizo tarehe kuna vikao vya maoni ya umma, na mara nyingi wanaojaza viti ni wazee na watu waliobebwa na mheshimiwa, huku sisi tukiwa mtandaoni tunalalamika.

Ukienda, usiseme "tunaomba bustani." Hiyo watakupatia, utepe na jiwe juu. Uliza ni shilingi ngapi zimetengwa kwa matengenezo ya uwanja fulani, utaje jina lake. Uliza ni nani ameajiriwa kuutunza na analipwa na nani. Uliza namba ya ardhi yake. Wakikuzungusha, andika barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ofisi ya umma inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21, na barua haihitaji wakili. Ukurasa mmoja unatosha.

Andikeni mkiwa watu kumi wa korti moja, kila mtu asaini, mbaki na nakala iliyopigwa muhuri. Na mkingoja jibu, fyekeni nyasi.