Mwalimu Anayekwenda Kujifunza



Leo twapenda kunena habari za walimu wetu wanaotoka Kenya kwenda nchi nyingine kufundisha Kiingereza. Labda kanisani kwenu yupo mmoja. Siku ya kumuaga mliimba, mkamwombea, na akina mama wakamfungia unga na majani ya chai. Hayo ni mema. Lakini je, tulimwambia namna ya kukaa huko aendako? Maana kufika ni jambo moja, na kukaa ni jambo lingine.

Tutwae mfano wa Rwanda. Nchi hiyo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Oktoba 2008 serikali yake iliamua masomo yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa. Mfikirieni mwalimu aliyefundisha hesabu kwa Kifaransa miaka ishirini: kwa muda mfupi alitakiwa kufundisha somo lile lile kwa lugha asiyoizoea. Ndipo wakahitajika watu wa kusaidia, na Wakenya wakawa miongoni mwao.

Mwalimu wetu akivuka mpaka kutoka Uganda, mageni huanza mara moja. Magari hupita upande wa kulia. Saa yake yambidi airudishe nyuma kwa saa moja. Mezani huletewa isombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa. Siku za kwanza yote hayo ni furaha. Baada ya majuma kadhaa furaha hupoa. Sokoni watu wanacheka kwa Kinyarwanda, naye hajui wanacheka nini. Jioni hujifungia chumbani na simu, akiongea na watu wa nyumbani mpaka usingizi umshike. Mwili u Rwanda, moyo u Kakamega, na sanduku lingali limejaa nguo.

Huyo hakukosa imani. Hivyo ndivyo ulivyo moyo wa mgeni. Hatari ni pale upweke unapogeuka kuwa dharau, akaanza kusema, "Watu hawa hawajui kitu."

Nabii Yeremia, katika sura ya 29, aliwaandikia Wayahudi waliochukuliwa mateka Babeli. Walitaka kukaa wakingoja kurudi tu. Yeye akawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, tena wauombee amani mji ule, kwa kuwa amani yao imo ndani ya amani ya mji huo. Mwalimu wetu si mateka. Alikwenda kwa hiari. Lakini agizo lamfaa. Twaona mambo matatu.

Jambo la kwanza, na afungue sanduku lote, kisha ashike jembe. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Rwanda, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda. Asubuhi maduka hufungwa, na majirani hutoka pamoja kufyeka, kuzibua mitaro na kutengeneza barabara. Mgeni aweza kulala siku hiyo. Lakini akitoka na jembe, atajulikana kwa jina, na mtu mwenye kujulikana kwa jina hakai peke yake.

Jambo la pili, anayefundisha lugha na akubali kufundishwa lugha. Ni kweli Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini nyumbani na sokoni watu hunena Kinyarwanda. Naye atakuta ni ndugu wa lugha zetu: mtoto ni umwana, maji ni amazi, mwalimu ni umwarimu. Na aanze na salamu ya asubuhi, "Mwaramutse," na shukrani, "Murakoze." Atakosea, na watoto watacheka. Hapo ndipo atakapojua aibu ya mtoto anayesimama darasani kusoma Kiingereza akachanganya r na l. Mwenye kuonja aibu hiyo hatamdhihaki mtoto. Wala hatamdharau yule mwalimu mwenyeji wa miaka ishirini, maana kukosa Kiingereza si kukosa akili. Ataketi naye: huyu ampe maneno, yule ampe maarifa ya darasa.

Jambo la tatu, na aenende kwa upole kati ya watu wenye jeraha. Mwaka 1994, kwa muda wa siku mia moja hivi, Watutsi waliuawa kwa mamia ya maelfu, pamoja na wengine waliokataa uovu ule. Wako waliouawa hata ndani ya makanisa walimokimbilia. Kila mwaka, tarehe 7 Aprili, juma la maombolezo huanza. Mgeni asiulize mtu kabila lake, wala asidai kusimuliwa. Na aketi pamoja na wanaolia. Ayubu alipopatwa na msiba, rafiki zake walifanya vema siku zile saba walizonyamaza. Walianza kukosea walipofungua vinywa.

Nasi tuliobaki tuna sehemu yetu. Je, tunampigia simu mwalimu wetu kumwuliza kama amepata rafiki na kanisa la kuabudu, au kumwuliza tu ni lini atatuma pesa? Tukimfanya mfuko wetu, twamzuia asikae kwa amani huko aliko.

Tena tusidhani kwamba Kenya inatoa tu na Rwanda inapokea tu. Huko mashariki ya Rwanda, karibu na ziwa Muhazi, kuna kilima kiitwacho Gahini. Wamisheni Waanglikana walianza kazi hapo mwaka 1925, na katika miaka ya 1930 moto wa Uamsho ukawaka. Mwaka 1937 ndugu kutoka Rwanda walikuja Kabete kutushuhudia. Wimbo wa Tukutendereza tunaouimba tukisalimiana katika ushirika ulitufikia kwa njia ya Uamsho huo. Basi mwalimu wetu anakwenda kwa watu ambao walitufundisha kwanza. Na aende kama mwenye deni.

Tuombe. Ee Bwana, uliyekaa kati yetu ukajifunza lugha ya Mariamu na kazi ya Yusufu, uwe pamoja na walimu wetu walio ugenini usiku wa leo. Wape rafiki, wape subira, wape sikio la kusikia. Utupe na sisi moyo wa kumpokea mgeni aliye mlangoni petu. Kwa jina lako twaomba. Amina.