KIMEA NA WANGA

Wananchi wanafahamishwa kwamba wanga hauchachuki mpaka ugeuzwe kuwa sukari. Huko Njombe na Makambako, ulanzi huchachuka wenyewe, kwani utomvu wa mianzi una sukari tayari. Komoni, pombe ya mahindi, huhitaji kimea cha ulezi. Nafaka inapochipua hutoa vimeng'enya vinavyoukata wanga kuwa sukari. Vimeng'enya hivyo hufanya kazi vyema katika joto la nyuzi za Sentigredi 60 hadi 70, na huharibika katika uji unaochemka. Hivyo kimea hutiwa uji ukishapoa kiasi.

Aidha, nafaka iliyoota ukungu isitumiwe kwa kimea wala kwa pombe. Sumukuvu haiondolewi yote kwa kuchemsha wala kwa kuchachusha, nayo hudhuru ini.