Je, Nani Anamsikia Mwanao Akicheza Gemu?

Akina mama wengi wa Mbulu na Hanang tunafahamu habari za picha mbaya kwenye simu, na tumekwisha kuwaonya watoto wetu wasiandikiane na watu wasiowajua. Lakini lipo jambo jingine ambalo wengi wetu hatujalifikiria, nalo ni sauti. Siku hizi mtoto aliyekaa nyumbani Haydom, Dongobesh au Katesh, ameshika simu ya baba yake, anaweza kuwa anazungumza kwa mdomo na mtu mzima asiyemjua kabisa. Mama akipita anadhani ni kelele za mchezo tu.

Jambo lenyewe ni nini?

Gemu nyingi huchezwa na watu wengi kwa pamoja kupitia intaneti. Kila mchezaji ana mtu wake kwenye kioo, ambaye humwongoza kwa vidole. Katika baadhi ya gemu hizo wachezaji husikilizana kulingana na umbali wa watu wao mchezoni. Fikiria mnada wa ng'ombe. Aliyesimama karibu nawe unamsikia vizuri, akisogea mbali sauti yake inafifia, na akiondoka humsikii tena. Ndivyo ilivyo katika gemu. Kompyuta inajua kila mmoja yuko wapi, nayo hupunguza au kuongeza sauti yake. Aliye upande wa kushoto husikika zaidi katika sikio la kushoto.

PUBG Mobile, iliyotoka mwaka 2018, imewapa wachezaji nafasi ya kuchagua kusikika na kikosi chao peke yake au na wote walio karibu. Mwaka 2021 Roblox ilianza sauti ya namna hii kwa wenye umri wa miaka 13 na zaidi waliothibitisha umri wao. Mwaka 2022 Call of Duty: Warzone 2.0 iliwawezesha hata maadui kusikilizana wanapokaribiana.

Tusiseme kwamba yote ni mabaya. Katika Lethal Company ya mwaka 2023, rafiki akikamatwa na zimwi sauti yake hukatika ghafla, na wenzake hucheka na kushtuka kwa pamoja. Vijana waliotawanyika shule mbalimbali hukutana humo wakazungumza kama waliokaa kibarazani. Hilo ni jema.

Hatari iko wapi?

Kwanza, mtoto hachagui nani amsikie. Simu ikiita unaona namba au jina. Hapa yeyote ambaye mtu wake amesogea karibu anamsikia mwanao na kumjibu, na umri wake halisi haujulikani.

Pili, maiki haichagui. Mama akiita kutoka jikoni, "Wewe, baba yako wa shuleni amerudi, njoo ule!" mgeni amekwisha kujua kwamba baba ni mtu wa shuleni, na saa ambayo wazazi wapo. Watoto wawili wakizungumza Kiiraqw au Kidatoga, anayezijua lugha hizo amekwisha kutambua kwao.

Tatu, maneno ya kuandika hubaki na mzazi anaweza kuyasoma baadaye. Maneno ya mdomo hupita. Ukiishika simu jioni hukuti kitu.

Mtu mwenye nia mbaya hapendi kubaki ndani ya gemu. Humsifu mtoto, humuahidi zawadi za mchezo, kisha humwambia, "Nipe namba yako tuongee pembeni." Baadaye huomba picha, au huomba namba ya uthibitisho iliyoingia kwenye simu ya mama, na fedha zinaondoka.

Masikio nayo

Sisi wauguzi tunaongeza jambo moja. Kwa kuwa sauti ya aliye mbali hufifia, mtoto huongeza sauti ya hedifoni ili amsikie. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Mawasiliano la Kimataifa walitoa viwango vya usikilizaji salama katika gemu. Kwa watoto kipimo ni desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki, na sauti ikizidi hapo, muda lazima upungue. Usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi.

Tufanye nini?

Mama mmoja wa Hanang alituuliza kama amnyang'anye mwanawe simu, maana kijana alimweleza kwamba mtu wa kwenye gemu alimwomba picha. Tulimshauri asifanye hivyo. Mtoto aliyesema ukweli akaadhibiwa, safari ijayo atanyamaza. Badala yake:

1. Kaa naye akuonyeshe anavyocheza. Muulize, "Huyu anayeongea ni nani? Unamfahamu?"
2. Fungueni mipangilio ya gemu pamoja. Zimeni maiki, au chagueni sauti ya kikosi cha marafiki anaowajua. Mfundishe pia kumnyamazisha na kumzuia mtu.
3. Achezee pale watu wa nyumbani wanapopita, bila hedifoni inapowezekana.
4. Wekeni sheria ya nyumba: hatusemi jina kamili, shule, kijiji wala namba ya simu. Namba ya uthibitisho haitajwi kwa mtu yeyote.
5. Usiku simu ilale chumbani kwa wazazi.

Ikiwa mtoto amekwisha kutishwa au kuombwa picha, msifute kitu. Pigeni namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, bila malipo, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto.

Huna haja ya kujua kucheza gemu, mama. Leo jioni kaa karibu na mwanao dakika kumi, usikilize nani anazungumza naye.