Nyigu Mdogo Aliyeokoa Muhogo Wetu



 Mwaka huu tumeona tuzungumze juu ya kiumbe ambaye wengi wetu tukimwona tunakimbia, naye ni nyigu.

Kila mwanafunzi amewahi kumwona nyigu mfinyanzi akijenga kijumba cha udongo ukutani. Ukikivunja unakuta ndani viwavi au buibui waliolala kama wamekufa. Nyigu amewachoma wakapooza, kisha akataga yai, ili mtoto wake akianguliwa akute chakula tayari. Wako jamaa zake wengine, wadogo kuliko sisimizi, ambao hawajengi nyumba yoyote. Wao hutaga yai ndani ya mwili wa mdudu mwingine. Mmoja wa hao ndiye tunayetaka kumweleza leo, kwa sababu amefanya kazi kubwa katika mashamba ya Afrika na wengi wetu hatumjui.

Muhogo na sisi

Hapa Mohoro tunategemea mpunga na mahindi ya bondeni, na maji yakishuka tunapanda mlao. Lakini mto ukija kwa nguvu, kama ilivyokuwa Aprili 2024 Rufiji na Kibiti zilipofurika, mpunga huondoka na maji. Kinachobaki ni muhogo wa mashamba ya juu. Ndio unaotupa bada, makopa, futari ya Ramadhani na kisamvu. Basi mdudu anayeua muhogo anaigusa akiba ya mwisho ya nyumba.

Muhogo wenyewe si mmea wa asili ya Afrika. Uliletwa na Wareno kutoka Amerika ya Kusini, kuanzia karne ya 16. Ulikuja huku bila maadui zake wengi, ukastawi kwa miaka mingi.

Adui anaingia

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika maeneo ya Kinshasa na Brazzaville, wakulima waliona kidudu kipya. Ni kidogo, cha rangi ya waridi, na mwili wake umefunikwa na kitu cheupe kama unga. Sisi hapa tutakiita kidudu cha unga. Hukaa kwenye ncha changa za muhogo kikifyonza utomvu. Majani hujikunja yakawa kama kabichi, shina hupindapinda na kufupika, na kiazi kinakosa chakula. Mashamba mengine yalipoteza hadi asilimia 80 ya mavuno. Kisamvu nacho kikakosekana, na hata pingili za kupanda zilikuwa mbovu.

Kidudu hiki ni jike tupu. Huzaa bila dume. Kimoja kikipeperushwa na upepo au kikibebwa juu ya pingili, kinatosha kuanzisha ukoo mzima. Ndiyo maana kilivuka nchi hadi nchi, na mwishoni mwa miaka ya 1980 kilikuwa kimeingia Tanzania.

Kwa nini hawakupiga dawa?

Msomaji anaweza kuuliza hivyo. Kwanza, unga ulio mwilini mwa kidudu huzuia dawa, nacho hujificha ndani ya majani yaliyojikunja. Pili, mkulima wa muhogo hana fedha ya kununua dawa kila mara. Tatu, majani yale yale tunayala. Nne, dawa huua pia wadudu wanaotusaidia, kisha mvua huisukuma mtoni. Dawa nyingi za wadudu ni sumu kali kwa samaki na kamba, na sisi ni watu wa delta.

Wataalamu wakajiuliza: muhogo umetoka Amerika, na huko kidudu hiki hakijamaliza mashamba. Nani anakizuia?

Safari ya kumtafuta nyigu

Kazi hiyo iliongozwa na Mswisi Hans Rudolf Herren, akiwa katika taasisi ya kilimo cha nchi za joto, IITA, huko Ibadan, Nigeria. Walitafuta miaka kadhaa. Kaskazini mwa Amerika ya Kusini walikuta kidudu kinachofanana sana, lakini maadui wake hawakukubali kile cha Afrika. Mwaka 1981 mtafiti Anthony Bellotti alikikuta kidudu chenyewe nchini Paraguay, na pamoja nacho nyigu wanaokishambulia. Mmoja wao ni yule ambaye wataalamu humwita *Anagyrus lopezi*, asiyefikia milimita 2.

Nyigu hao hawakuletwa moja kwa moja. Walipitishwa kwanza Uingereza, wakachunguzwa katika vyumba vilivyofungwa wasije wakabeba ugonjwa au mdudu mwingine. Mwishoni mwa mwaka 1981 waliachiwa Nigeria. Waliendelea kuzalishwa na kusambazwa, wengine wakidondoshwa kutoka kwenye ndege, hadi wakakaa katika nchi zaidi ya 20, Tanzania ikiwemo. Makao ya mpango wa taifa wa kupambana na visumbufu kwa kutumia maadui wao wa asili yako Kibaha, katika mkoa wetu huu wa Pwani. Mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia.

Anafanyaje kazi?

Nyigu jike hutafuta kidudu cha unga kwa harufu, akakichoma na kutaga yai ndani. Yai huangua, na mtoto hula kidudu kutoka ndani. Kidudu hukauka, kikavimba na kuwa kama kijipipa cha kahawia. Baada ya wiki chache nyigu mpya hutoboa tundu la mviringo na kutoka. Hamchomi mtu wala hali mmea.

Nyigu huyu hakikomeshi kidudu kabisa. Akikimaliza chote, naye atakufa njaa. Vidudu vikizidi, nyigu huzidi. Vikipungua, naye hupungua. Kwa mizani hiyo muhogo unapata nafasi ya kukua, na mkulima halipi hata shilingi moja. Mwaka 2009, kidudu kilipokwisha kuingia Thailand, nyigu hao walichukuliwa Benin wakapelekwa huko. Afrika iliyosaidiwa ikasaidia wengine.

Tahadhari

Si kila kiumbe kinacholetwa huleta heri. Kunguru tunaowaona mijini waliletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19 ili wale takataka. Leo wanakula vifaranga na mayai ya ndege wengine. Tofauti ni kwamba kunguru hula chochote, na nyigu wetu hutegemea kidudu kile. Ndiyo maana uchunguzi huja kwanza, na si ruhusa ya mtu mmoja mmoja kuleta wadudu kutoka nje.

Wajibu wetu

Tuseme kweli, wengi wetu tukiona kidudu shambani tunachukua dawa iliyobaki ya korosho na kupiga, bila kuangalia. Tunaua nyigu wasioonekana, kisha mwezi unaofuata tunashangaa vidudu vimeongezeka. Kwa hiyo:

1. Angalia kwanza ncha za muhogo. Ukiona vijipipa vya kahawia vyenye tundu, jua msaidizi amefika. Mwache afanye kazi.
2. Chagua pingili safi za kupanda. Usichukue kwenye shina lililopindapinda.
3. Usiharibu ovyo viota vya maji moto kwenye mikorosho na minazi. Wanauma, lakini wanafukuza wadudu wanaofyonza korosho na nazi changa.
4. Kabla ya kupiga dawa, muulize bwana shamba au bibi shamba.

Enyi wanafunzi, Mwenyezi Mungu hakuumba kitu bure. Qur'ani tunayoisoma kila siku ina sura iliyopewa jina la nyuki na nyingine jina la chungu. Basi tusimdharau nyigu kwa udogo wake. Jioni mkirudi kutoka madrasa, piteni shambani pamoja na baba, mama au bibi, mtazame ncha moja ya muhogo kwa makini, kisha mwaelezeni mlichosoma hapa.