Kisukari huzidisha hatari baada ya upasuaji wa mshipa wa shingo

MISHIPA miwili mikuu ya shingo ndiyo ipelekayo sehemu kubwa ya damu ubongoni. Utafiti wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka wa 1991 ulibaini kwamba kwa waliokwisha kupatwa na kiharusi kidogo, mshipa ukiwa umeziba kwa asilimia 70 au zaidi, kuusafisha kwa upasuaji kulipunguza kiharusi cha upande huo katika miaka miwili kutoka asilimia 26 hadi 9.

Mwenye kisukari naye hufaidika, ila hatari yake ni kubwa zaidi. Sukari huharibu mishipa mwilini kote, si ya shingo pekee. Mara nyingi moyo ndio humwangusha baadaye. Kwa hivyo madaktari hupima moyo na kudhibiti sukari kabla ya kushika kisu, na dawa za kupunguza mafuta huendelea hata jeraha likipona.