Pumu: pompi ikiisha mbio, ona muganga

Huku Goma, vumbi ya barabara na moshi wa makala vinafunga kifua cha mwenye pumu. Anavuta Ventoline, anapumua, anasahau. Lakini ile pompi inafungua tu njia ya hewa kwa saa 4 hivi. Uvimbe wa ndani unabakia palepale. Ukiivuta zaidi ya mara 2 kwa juma, pumu yako haijatulia. Pompi moja ina mivuto 200: ukimaliza 3 kwa mwaka, uko katika hatari. Uliza muganga dawa ya kortizoni ya kuvuta, na uifuate hata siku unajisikia muzima. Kisha kuvuta, sukutua kinywa. Ukishindwa kumaliza sentensi moja, kimbia hospitali, usingoje asubui.